Mafundo kwenye Mkono wa Perez

Asubuhi za Yamumbi huanza na ukungu. Perez huketi dirishani akifuma sweta za shule kwa mashine. Lakini kuna kipindi alifuma polepole, kama aliye usingizini, mkono wa kulia umefungwa leso.

Ulianza uvimbe mdogo kidoleni. Perez akasema ni jipu. Akaubinya, akanunua vidonge vya jipu, akangoja. Uvimbe ukawa kidonda. Kisha mwingine ukatokea juu yake, na mwingine, kwa mstari, kuelekea kiwiko. Akisinzia mchana, aliota mkono wake ni uzi wenye mafundo, na mtu asiyeonekana anauvuta.

Lakini kilichomwumiza zaidi ni mjukuu. Binti yake Lynette alikuwa amejifungua Lenny, na Perez hakuwa amempakata hata mara moja. Aliogopa kumwambukiza. Kila akiitwa, alisingizia sweta.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lynette aliifungua leso mwenyewe, akampeleka kliniki mjini.

Daktari Jemutai aliufuata ule mstari kwa kidole. "Mama, kabla hii kitu ianze, ulidungwa na chochote?"

Perez akakumbuka ua wa nyumbani. Alikuwa akiukata, mwiba ukamchoma. "Lakini mwiba nilitoa," akasema.

"Mwiba ulitoka. Nafikiri uliacha kuvu ndani. Hiyo kuvu huishi kwa mchanga na mimea. Dawa ya jipu haiwezi kuiua. Lakini sitaki kubahatisha."

Akamdunga sindano ya ganzi, akakata kipande kidogo cha ngozi, kikapelekwa maabara. Huko kuvu huoteshwa ili ijulikane ni ya aina gani, nayo huota taratibu, kwa hiyo walisubiri wiki kadhaa. Jibu lilipokuja, lilikuwa kuvu kweli. Daktari akauliza dawa nyingine anazotumia, kisha akamwandikia vidonge vya kuua kuvu, vya miezi mingi. Hata vidonda vikikauka, alisema, asiache mpaka aambiwe.

Perez hakuuliza juu ya mkono. "Na mtoto? Naweza kumshika?"

"Mshike, Mama. Hii haiambukizi kwa kushikana. Funika vidonda, nawa mikono."

Hata dawa hakuchukua kwanza. Alitoka hadi kwenye benchi alikoketi Lynette, akampokea Lenny, akalia kwa furaha.

Leo mkono umepona, umebaki na makovu. Ua anaukata akiwa na glavu nene. Bado husinzia mchana na kuota ule uzi, sasa hauna fundo. Juzi aliota unavutwa, akafungua macho. Lenny alikuwa amekaa sakafuni, ameshika uzi wa sufu wa mashine kwa mikono miwili, akivuta.