Bili Mbichi za Haji Tufail

Wenzangu mnaouza na kununua, sikilizeni ya nyumba hii ya Faisalabad.

Asubuhi moja ya Shaabani, Safoora alimmiminia chai ya maziwa mumewe, Haji Tufail, naye akawa anachovya paratha, chapati ya samli, bila haraka. Nyumba ilikuwa shwari. Wiki ile Safoora alikuwa ameuza bangili zake zote za dhahabu, wakajaza duka majora ya vitambaa vya Idi.

Soko lile lina bili mbili. Bili iliyoiva ina muhuri, na serikali huiona. Bili mbichi ni kikaratasi tu. Biashara ikiisha, kinachanwa. Tufail alizoea mbichi. Mteja akitaka iliyoiva, humwambia, "Hiyo ongeza rupia mia na themanini za kodi kwa kila elfu, kaka. Unazo?" Mteja hucheka, wakamalizana kwa mbichi.

"Baba Naila," Safoora alisema, "kwenye fomu ya kodi umeandika majora ishirini. Mbona dukani hata panya hapiti?"

"Serikali imekupa nini wewe? Hata maji tunanunua!"

"Sasa itatupa kwa kipi?"

"Kunywa chai, waziri wa fedha!"

Maofisa wa kodi walipotaka kuweka mashine za risiti madukani, Tufail ndiye aliyetangulia kushusha mlango wa duka. Soko zima likagoma siku tatu. Maofisa wakarudi walikotoka, na wenye maduka wakalishana vitamu vya jalebi kama siku ya harusi.

Ijumaa iliyofuata, watu wakiwa msikitini, nyaya za umeme juu ya maduka zilishika moto. Safoora alifika kwa riksho na kumkuta mumewe peku, amezuiwa na majirani wawili. Gari moja la zimamoto lilimwaga maji kama dakika kumi, kisha mpira ukalegea.

"Gari la pili liko wapi?" Tufail alifoka.

"Liko juu ya mawe tangu mwaka juzi, Haji," alisema mzimamoto mmoja. " Pampu imekufa. Tukiomba nyingine tunaambiwa hazina haina kitu."

"Haina kitu kwa nini?"

Mzimamoto alitazama ule mstari wa maduka, akapangusa masizi usoni. Kufikia alasiri zilibaki kuta.

Serikali ya jimbo ilitangaza fidia, lakini kwa kufuata fomu za kodi. Ofisa alikuja nyumbani na faili.

"Majora ishirini, Haji."

"Yalikuwa mia nane!"

"Nionyeshe bili."

"Bili... zilichanwa."

"Basi andika hapa kwamba fomu yako ni ya uongo, nami nitaipeleka kwa wakubwa. Wao wataamua, fidia au mahakama."

Tufail alimgeukia mkewe. "Mama Naila, mwambie. Si uliyaona?"

Safoora aliyaona. Dhahabu yake ndiyo iliyoyanunua. Akisema kweli, mume huenda akafungwa. Akinyamaza, mali imekwenda.

"Niliyoyaona na uliyoyaandika hayafanani," alisema. "Chagua mwenyewe, Baba Naila. Usinichagulishe mimi."

Tufail alichukua kalamu. Akatia saini ya majora ishirini.

Fidia ile haikumaliza miezi miwili. Duka lilijengwa upya na mtu mwingine, na Tufail ameajiriwa humo kupima vitambaa kwa wateja. Safoora anashona pindo za watu kwa malipo ya kipande. Bangili hazitajwi tena nyumbani.

Funzo

Ndugu zangu, anayekwepa kodi hudhani amemwibia mtu wa mbali asiyemjua. Kumbe amepunguza maji ya gari la zimamoto, dawa ya zahanati na mshahara wa mwalimu wa mwanawe. Msiseme serikali haijatupa kitu huku tumeuficha mfuko wetu. Tudai bili iliyoiva, tulipe haki yake, ndipo tuwe na mdomo wa kuuliza fedha zimekwenda wapi. Mali uliyoikana mbele ya sheria, siku ya msiba sheria nayo itaikana.