Mama Kipimo na Picha ya Baba Yake

Fundi cherehani huyu watu walimwita Mama Kipimo. Ukimsalimia tu, ameshakupima mabega kwa macho. Lakini moyoni alikuwa na jambo moja: hakuijua sura ya baba yake. Baba alikuwa mchoraji, akafariki Mama Kipimo akiwa bado mtoto mchanga. Aliwahi kujichora mara moja tu, na picha hiyo ilinunuliwa na jumba la sanaa la taifa.

Jumatatu moja Mama Kipimo alifunga duka, maana Jumatatu ndiyo siku yake ya kupumzika. Akavaa gauni jipya, akamchukua binti yake, wakaenda. Mwendo wa saa tatu! Walipofika, walikuta geti lina kufuli.

"Kumbe na wao hupumzika Jumatatu," alisema. Alicheka, lakini machozi yalimlengalenga.

Jirani yao alikuwa mlinzi mstaafu wa jumba lile lile. Aliposikia, alishika kichwa.

"Jamani, Mama Kipimo! Mteja akija kwako bila kuuliza, atakuta nguo tayari?"

"Thubutu!"

"Basi na wewe piga simu kwanza. Uliza siku na saa za kufungua. Uliza pia kama picha yenyewe iko ukutani. Picha ni nyingi kuliko kuta, mama. Nyingine hukaa ghalani miaka."

Binti alipiga simu palepale. Kweli, picha ilikuwa ghalani.

"Andikeni barua ya maombi," mhudumu wa jumba alisema kwenye simu. "Tajeni jina la mchoraji. Tutawapangia siku."

Waliandika. Wiki tatu baadaye walipangiwa Alhamisi, saa nne asubuhi.

Siku hiyo mhudumu aliwapokea mlangoni, akawapeleka kwenye chumba cheupe. Picha ilikuwa mezani, imefunikwa karatasi laini. Akaifunua taratibu.

Mama Kipimo alianza na anachokijua.

"Mwanangu, hebu ona kola hii! Imelala sawasawa. Na uzi wa kifungo ameuchora! Haki ya nani, huyu mtu alikuwa fundi." Akanyoosha kidole aiguse kola.

"Samahani mama, tusiguse," mhudumu alisema. "Jasho la vidole huharibu rangi. Tunataka na wajukuu wako waje waione."

Akarudisha mkono. Ndipo alipoinua macho kutoka kwenye kola hadi usoni. Macho yale makubwa, na kidevu kile, vilikuwa vyake mwenyewe kabisa.

"Shikamoo, baba," alisema.