Namba Saba Anaita, Hasogei

Siku ubao mpya ulipotundikwa kwenye korido ya idara ya baiolojia, wahadhiri na wanafunzi walisongamana mbele yake, kila mmoja akitaka kujua mwenzake anatafiti nini. Ubao ulitaja namba ya mlango wa kila mhadhiri na utafiti wake, na idarani humo watu huitana kwa namba hizo hizo za milango. Namba Saba, bwana mpole aliyebobea katika kuvu, alisoma mstari wake, akausoma tena. Walikuwa wameandika “kufu”, kana kwamba anatafuta mwenzi wa kulingana naye.

“Samahani,” akasikia mtu akisema kando yake, “huyu anayetafiti kufu anapatikana wapi? Maana hata mimi wangu sijampata.”

Aligeuka akamwona dada mrefu, koti jeupe la maabara juu ya gauni la kijani, viatu vimejaa tope. Ndiye Namba Tano mpya, mtu wa vyura.

“Ni kuvu,” akasema. “Na ni mimi.”

“Afadhali. Vyura wangu ngozi zinabanduka, njoo uwatazame.”

Alikwenda, na tangu hapo akawa haishi kwenda. Yeye alichunguza ngozi za wagonjwa kwa hadubini. Namba Tano aliandika daftarini jinsi madume wanavyoita na majike wanavyochagua. Hao madume walikaa chumba cha nyuma, ambako Namba Saba hakuwahi kuingia, maana hunyamaza wakisikia mgeni. Lakini alitaka kujua kila kitu. Kwa nini jike awapite watano wenye sauti nzito, aende kwa yule mwenye kikohozi? Jioni alipiga simu kuuliza zaidi, wakaongea na kutaniana mpaka chakula kikapoa. Yeye alimwita Bibi Bwawa, naye akaitwa Bwana Ukungu. Ila neno lenyewe, lile lililomkaa rohoni, lilikataa kutoka. Kila akitaka kulisema, alijikuta ameuliza swali jingine la vyura.

Mchana mmoja alikuta Namba Tano hayupo na daftari liko wazi mezani. Hakukusudia kusoma.

“Namba 7: anaita kila jioni, hasogei. Wiki ya sita sasa. Asipobadilika, namwacha.”

Siku hiyo hiyo akajaza fomu ya kuhamia kituo cha utafiti cha mbali kwa miaka miwili, akaipeleka kwa mkuu wa idara. Simu za Namba Tano hakuzipokea, na wakikutana koridoni alijitia ana haraka.

Siku ya nne Namba Tano alimfuata ofisini, akasimama katikati ya mlango.

“Nimekukosea nini?”

Namba Saba akamweleza yote, daftari na fomu, macho yake sakafuni. Namba Tano akaangua kicheko. Yale ni maelezo ya vyura, alisema, kila dume ana namba ya tangi lake. Mtu mzima na elimu yake yote, anamwonea chura wivu?

Namba Saba aliona aibu, lakini mtafiti ni mtafiti. Akaomba aonyeshwe huyo mwenzake. Namba Tano akasita kidogo, kisha akaongoza njia.

Chumba cha nyuma kilinuka maji na majani. Alipita kwenye matangi ya vioo akisoma vibandiko, moja baada ya jingine. Baada ya la sita palikuwa na ukuta.

“Wa saba yuko wapi?”

Namba Tano alikuwa ameacha kucheka, anazungusha kifungo cha koti lake.

“Hayupo. Nilikuandika wewe. Kila jioni simu, na kila simu ni vyura. Mimi nimekupenda, na sijui mwenzangu unanipenda mimi au unawapenda wao.”

Madume walikuwa kimya kwa ajili ya mgeni. Namba Saba alimshika mkono.

“Nakupenda wewe. Vyura niliwavumilia tu. Nataka nikuoe.”

Namba Tano akamtazama usoni, anatafuta kama kuna utani.

“Na ile fomu?”

“Mkuu anaitia sahihi leo, saa nane.”

Wote wawili wakatazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika tano.

“Sasa unanishikia nini mkono? Kimbia,” akasema Namba Tano. “Jibu lako utalikuta hapa hapa.”