Breki za Gari la Kijani

Mwanamke yule hakubisha hodi. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Mwalimu alipoinua kichwa kutoka kwenye injini akamkuta amesimama uani, pochi kifuani, macho yamelikazia gari la kijani.

"Nimeliona nikipita getini," mgeni alisema. "Samahani, mwanangu. Naomba nifungue mlango wa nyuma."

Mwalimu alifundisha hisabati siku tano za wiki, na siku mbili zilizobaki aliyapa magari ambayo hakuna mtu aliyeyataka. Uani kwake yalikuwepo matatu. Hili la kijani alilinunua miezi minne iliyopita kwenye yadi ya magari mabovu, kuku wakiwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Majirani walilicheka. Hata Mjomba Spana, fundi mzee aliyemfundisha kila alichojua, alitikisa kichwa siku ile ya kwanza. "Hili sijawahi kuliona, na nisingependa kuliona tena. Tulikate, tuchukue injini tu."

Mgeni alipiga magoti, akafunua kitambaa cha kiti cha nyuma. Chini yake palikuwa na mpasuko ulioshonwa kwa mishono midogo iliyolingana.

"Mimi ni mkunga mstaafu," alisema. "Uzi huu ni wa hospitali. Kiti hiki nilikishona mwenyewe. Ila gari letu lilikuwa rangi ya maziwa."

Mwalimu alichukua bisibisi, akainua mpira unaozunguka kioo cha mbele. Aliyepaka kijani hakuutoa mpira huo. Chini yake ulionekana mstari mwembamba, rangi ya maziwa.

"Mume wangu alikuwa mpima ardhi," Mkunga aliendelea. "Leo ni miaka kumi na minne. Aliondoka Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi. Alisema breki zinavuja, atapitia kwa fundi kwanza. Fundi gani, sikuuliza. Nani huuliza? Watu wakasema kahamia kwa mwanamke mwingine. Hata wanangu wameshaamini. Mimi kila nikiona gari kuukuu barabarani, shingo inageuka yenyewe."

"Mama, hili tulipeleke polisi leo leo."

"Lipeleke. Lakini niahidi kitu. Alikuwa akifika getini anapiga honi mara mbili. Likipona, lilete kwangu upige hivyo hivyo. Hata kama habari yenyewe ni mbaya."

Honi ya gari lile ilikuwa bubu tangu siku ya kwanza. "Nakuahidi, Mama," Mwalimu alisema.

Alimpigia Inspekta simu, kisha akampigia Mjomba Spana.

"Mjomba, mwenye gari la kijani kajitokeza! Kumbe lina kesi. Mume wake alipotea nalo."

"Usiingie chini ya gari hilo mpaka nije," Spana alisema. "Jeki yako haina adabu. Saa kumi nitakuwa hapo."

* * *

Saa tano na nusu Inspekta na Mwalimu walikuwa ofisini kwa Dalali, mwenye yadi ya magari mabovu. Chumba kilinuka mafuta machafu. Mezani palikuwa na futi ya chuma ya kukunja, ndani ya ganda la ngozi.

"Hii umeipata wapi?" Inspekta aliuliza.

"Ya kupimia matairi, afande."

"Wapimaji wa ardhi ndio hutumia futi ndefu hivi. Nimekuuliza umeipata wapi."

Dalali alifuta paji la uso. "Chini ya kiti cha lile la kijani. Mtu akileta gari, vilivyomo ni vyangu. Ndiyo desturi ya yadi, kaulize popote."

"Nani alileta?"

Dalali alifungua daftari lililoliwa na mende. Gari liliandikishwa siku kumi na sita baada ya Alhamisi ile. Mahali pa jina la mwenye gari hapakuwa na kitu.

"Dereva wa kukodi. Hakuwa na karatasi na mimi sikudai, hilo ndilo kosa langu. Lilikuja kijani tayari, rangi bado inanuka."

"Futi ya marehemu unayo, gari umeuza bila karatasi, jina huna. Vaa viatu vizuri, tunakwenda kituoni."

"Marehemu?" Dalali alimgeukia Mwalimu. "Mwalimu, dada yangu, wewe unayajua magari! Mimi ningetaka kulificha gari, si ningelikata siku ile ile? Na huyo aliyelitupa, mbona alilitengenezea breki? Kila kitu kilikuwa kimeoza, breki tu ndizo zilikuwa nzima kama za gari la bibi harusi!"

Inspekta hakucheka. Wala Mwalimu, maana kitu kilikuwa kimemgonga kichwani. Mpima ardhi alikwenda kutengeneza breki. Breki zilitengenezwa. Basi aliyezitengeneza ndiye aliyemwona mwisho.

* * *

Saa nane na dakika arobaini alikuwa peke yake uani. Aliinua gari kwa jeki, akasukuma tairi la spea chini ya ubavu wa gari kama alivyozoea, akajilaza juu ya katoni na kuteleza chini.

Bomba la breki lilipita juu ya ekseli ya nyuma, limefunikwa na tope la miaka mingi lililokuwa gumu kama saruji. Akalibandua kwa bisibisi, kipande kwa kipande. Bomba lilikuwa jipya kuliko gari. Pale lilipokaribia chuma lilikuwa limefungwa lisisugue: ukanda wa tyubu ya baiskeli, mizunguko mitatu, ncha zimekatwa mshazari, na juu ya fundo tone la nta ya mshumaa.

Bisibisi ilimponyoka.

Fundo hilo alilijua. Lilikuwepo kwenye pikapu yake ya bluu, hatua tano kutoka hapo. Siku lilipofungwa aliuliza, "Mjomba, hii ni hirizi?" Na Spana akajibu, "Cheka tu. Vumbi haliingii, fundo halilegei. Sijaona fundi mwingine anayefanya hivi."

Spana, aliyesema hajawahi kuliona gari hili. Spana, ambaye gereji yake haina shimo la kukagulia magari. Mafundi wenzake humtania kwamba amelala juu ya katoni mpaka mgongo umekuwa ubao, naye hujibu kwamba shimo alilifukia zamani kwa sababu maji yalikuwa yanapanda.

Alitoa simu mfuko wa kifuani. "Afande, mwache Dalali. Ni Spana. Chimbueni sakafu ya gereji..."

Changarawe zikalia.

Viatu viwili vyenye madoa ya grisi vilisimama karibu na jeki. Vilikuwa vimewahi saa nzima. Mwalimu aliilaza simu kifuani bila kuikata.

"Nilikwambia usiingie chini, binti yangu."

"Breki ulizitengeneza wewe, Mjomba."

Mkono ukashika mpini wa jeki.

"Mtu hawezi kuliachia gari liende barabarani na breki mbovu," Spana alisema taratibu. "Angeweza kufa mtu."

"Na yeye?"

"Alikuja anitengenezee ramani, mimi nimtengenezee breki. Akapima, akaniambia nusu ya gereji imekaa juu ya kiwanja cha zahanati, na ndivyo atakavyoandika. Nilimwomba. Nilimpigia magoti, mtu mzima mimi! Akasema mikono yake haiandiki uongo. Nikamsukuma, akaangukia shimoni kichwa kwanza." Akapumua kwa nguvu. "Nilikuwa na watoto watano."

"Kwa nini hukulikata gari?"

"Nilishika msumeno siku tatu. Lilikuwa zuri, wewe mwenyewe unalijua. Nikalipaka rangi, nikamaliza breki. Alikuwa ameniharakisha nazo, maskini. Alisema saa nane anakwenda kumpokea mkewe akitoka zamu."

"Mjomba, niache nitoke."

"Siwezi, binti yangu. Nisamehe."

Mpini ulizunguka. Jeki ikalia, na gari likashuka kwa kishindo kilichozima mwanga wote. Mwalimu alipiga kelele. Chuma kilisimama upana wa kiganja juu ya pua yake, hakikushuka tena. Ila vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimebanwa kati ya tairi la spea na gari.

Spana aliinama. Kwa mara ya kwanza uso wake ulionekana, umepinduka, macho yamejaa maji.

"Umeweka tairi," alinong'ona.

"Ulinifundisha wewe," Mwalimu alisema huku analia. "Jeki ni ya kuinulia, tairi ni la kukulinda. Kila Jumamosi ulisema hivyo."

Mzee akakaa chini kwenye changarawe, mikono kichwani. Kisha akainuka. Mwalimu alifumba macho. Alisikia mpini ukizunguka, safari hii kwa upande mwingine, na gari likainuka kidogo kidogo mpaka vidole vikawa huru. Inspekta, aliyesikia kila neno kwenye simu, alifika baada ya dakika kumi na moja. Alimkuta Spana ameushikilia mpini kwa mikono miwili, hataki kuuachia.

Jioni ile ile sakafu ya gereji ilichimbuliwa, na mpima ardhi akapatikana.

* * *

Mahakama ililiachia gari baada ya miezi saba. Vidole viwili vya Mwalimu havikunji tena, na mara mbili aliamka akiwa ameota kishindo kile. Majirani walimshauri alichome moto. Yeye alikuwa na honi ya kutengeneza.

Ilimchukua Jumamosi sita, mkono mmoja na nusu, bila mtu wa kumuuliza. Kila alipotaka kuingia chini ya gari alitapika kwanza. Aliweka tairi la spea, kisha akaweka jingine juu yake, ndipo akaingia. Fundo la nta hakuligusa, kwa sababu breki zilikuwa nzima.

Alichagua siku ya Alhamisi, akamjulisha Mkunga kwamba atafika saa ile Spana aliyoitaja mahakamani. Alisimamisha gari mbele ya geti la Mkunga, akatazama saa yake: saa nane kamili. Akapiga honi mara mbili.

Geti lilifunguka. Mkunga alitoka amevaa sare yake ya zamani, imepigwa pasi, pochi kifuani. Alizunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akakaa.

Mwalimu alimwekea ufunguo mapajani.

"Ni lako, Mama. Mimi nitarudi kwa miguu."

Mkunga aliutazama ufunguo, halafu vile vidole viwili. Akaurudisha kwenye swichi.

"Baadaye," alisema. "Kwanza nipeleke nyumbani polepole, kwa kuzunguka mbali. Nimetoka zamu."