Tumbo Tupu, Gauni Jeupe

Mama Cherehani hali kitu akiwa na kitambaa cheupe mezani. Huo ndio mwiko wake. Tone moja la mafuta, kazi yote imeharibika! Basi hushona kwanza, hula baadaye, na hiyo baadaye mara nyingi huwa jioni.

Safari hii gauni lilikuwa la kitinda mimba wake, binti aliyekwenda kufanya kazi mbali akakaa miaka. Sasa alikuwa anarudi kuolewa. Kila mama alipoinua kitambaa, alimwona binti amesimama ndani yake.

"Njoo, mwanangu," alinong'ona. "Nina hamu nawe, jamani!"

Lakini goti lilimsumbua. Kukanyaga cherehani kutwa nzima si mchezo. Akanunua vidonge vya maumivu dukani. Mgongo nao ukaanza, akanunua vya aina nyingine. Akavimeza vyote kwa maji, tumbo tupu, akarudi kushona. Goti likapoa. Tumbo likawaka moto. Akajikaza kisabuni.

"Mama, mbona sauti yako imechoka?" binti aliuliza kwenye simu.

"Nimechoka kukusubiri tu," akajibu, akacheka.

Hakusema kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami. Aliogopa kulazwa. Binti angefika na kukuta mlango umefungwa, gauni halijaisha.

Asubuhi moja jirani yake, muuguzi, alikuja kuchukua sare yake. Akamkuta fundi ameshikilia meza, jasho linamtiririka.

"Dada, vipi? Umekula?"

"Nikimaliza."

"Na vidonge hivi?"

"Hiki cha goti, hiki cha mgongo."

"Makubwa! Kidonge hakijui goti wala mgongo. Hivi viwili ni ndugu. Vyote vinapunguza uvimbe na maumivu. Ukivichanganya, umezidisha dozi. Vinachubua tumbo, vinaweza kudhuru figo na kupandisha presha. Mtu humeza aina moja tu, baada ya kula, kwa siku chache. Choo chako kikoje?"

Mama Cherehani akainamisha kichwa. "Cheusi."

"Hiyo ni damu, dada! Inatoka tumboni. Twende hospitali sasa hivi."

"Na gauni? Mwanangu anakuja!"

"Anakuja kuona gauni, au kukuona wewe?"

Hapo mama akalia. Akaacha sindano kwenye kitambaa, akashikwa mkono, wakaenda.

Daktari alikuta kidonda cha tumbo kinachovuja damu. Mama akalazwa, akatibiwa. Vidonge vile akakatazwa kabisa. Kwa goti alipewa dawa nyingine isiyochubua tumbo. Akaambiwa asinunue dawa tena bila kuuliza, na kiti chake kiinuliwe ili goti lisikunjwe sana.

Binti alipofika, mama alikuwa amerudi nyumbani, amekonda, lakini yupo. Walikumbatiana mlangoni, hakuna aliyetaka kuachia kwanza.

"Upindo haujaisha," mama alisema. "Nisamehe."

"Gauni ningevaa lolote, mama. Wewe ningekupata wapi?"

Binti akanawa mikono, akaketi kwenye cherehani. Akampa mama sahani ya chakula, akamkalisha karibu na mlango, mbali na kitambaa.

"Upindo huo unakwenda upogo," mama alisema.

"Uende. Wewe kula."

Mama akala taratibu, akimtazama mwanawe. Safari hii hakuharakisha.