Makala ya Chiriku, Jina la Kobe

Kila siku baada ya kipindi cha mwisho, wanafunzi wa chama cha gazeti la shule walikimbilia chumba cha kompyuta. Ndani mlikuwa na meza ndefu, feni iliyolalamika darini, na kompyuta ya zamani pale pembeni. Hiyo ndiyo iliyotunza kazi za wote. Hata uandikie kwenye mashine nyingine, faili lako lilipita kwenye waya likahifadhiwa humo.

Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa hivyo na wote, hata kwenye kompyuta, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Juma lile alikuwa ameandika makala kuhusu mfereji wa maji machafu uliopita nyuma ya jiko la shule. Aliziba pua akaukagua mwanzo hadi mwisho, akawahoji wapishi, kisha akaandika yote kwenye kompyuta mpya iliyoletwa majuzi. Jioni hiyo gazeti lilikuwa linapelekwa kwa mpiga chapa. Kilichobaki ni kusahihisha aya moja na kuweka jina lake chini.

Kompyuta mpya ilikuwa na mtu, kwa hiyo akakaa kwenye ile ya zamani. Akafungua makala, akasahihisha, akahifadhi. Skrini ikamjibu: "Ruhusa imekataliwa." Akajaribu tena, jibu likawa lile lile. Alipotazama mwenye faili ni nani, damu ilimchemka. Palikuwa pameandikwa Kobe.

Kobe alikuwa mvulana wa darasa lake, asiyekuwa na haraka hata kengele ya chakula ikilia. Alikuwa ameketi palepale kando yake.

"Mwalimu," Chiriku aliita, "makala yangu imeibiwa."

Mwalimu wa kompyuta alikuja, akainama, akasoma. "Hili faili ni la Kobe."

"Si la Kobe. Nimeliandika mimi, neno kwa neno."

"Kompyuta inasema ni la Kobe. Na kompyuta haina ndugu wala rafiki, haimpendelei mtu."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwongo?"

"Punguza sauti. Makala isiyojulikana ni ya nani haichapwi. Naitoa gazetini."

Naitoa! Mtoto wa watu amevumilia uvundo, ametoa jasho lake, halafu mtu mzima anatazama jina moja kwenye skrini na kesi imekwisha. Hata swali moja hakuuliza.

Chiriku alimgeukia Kobe, na hasira yote aliyoshindwa kummwagia mwalimu akammwagia yeye. "Mwizi mkubwa we. Unajifanya mpole, kumbe una mkono mrefu."

Chumba kizima kiligeuka. Wasichana wawili wakacheka, wakachukua mikoba yao na kutoka, bila shaka kwenda kuzitangaza habari uwanjani. Kobe alitazama kibodi.

"Sikuigusa," alisema mwishowe. "Hata hadithi yangu ya mpira niliyoiandika kwenye hii ya zamani, ukiitazama kwenye kompyuta mpya, inasema ni yako. Na mimi inanikatalia kuibadilisha. Nilinyamaza tu."

"Mimi sikuigusa hiyo hadithi yako," Chiriku alijibu upesi, kisha akashtuka. Yalikuwa maneno yale yale ya Kobe.

Mwalimu alikuna kichwa. Safari hii hakutoa hukumu. Alimwambia Chiriku aandike neno lolote kwenye kompyuta mpya na kulihifadhi. Wakaenda kulitazama kwenye ile ya zamani: mwenye faili, Kobe. Kobe naye akaandika lake, likatokea kuwa la Chiriku. Mwalimu akaketi, akalinganisha majina yaliyosajiliwa katika mashine zote mbili, akashusha pumzi.

"Mashine hizi zikipeana mafaili hazipelekeani majina," alisema. "Zinapelekeana nambari, kama za jezi, na kila moja hujitafutia nambari hiyo ni ya nani kwake. Nambari hutolewa kwa mpangilio wa kusajiliwa. Kwenye ya zamani nilianza kumsajili Kobe, akafuata Chiriku. Kwenye mpya Kobe alichelewa, nikaanza na Chiriku. Nambari zenu zikapishana, nami sikuhakikisha."

Alizisawazisha nambari, akamrudishia kila mmoja mafaili yake, akamwambia Chiriku ajaribu. Makala ikahifadhika bila ubishi, jina lake likiwa chini.

"Nisameheni nyote wawili, na makala inarudi gazetini," mwalimu alisema. "Kompyuta ilirudia kosa langu, nami nikalichukua kuwa ushahidi. Kabla ya kumlaumu mtu, uliza, jaribu, hakikisha. Mimi sikufanya hivyo. Nambari nimezirekebisha, Chiriku, lakini lile neno 'mwizi' siwezi kulifuta kwa kibodi. Ulilitoa wewe, mbele za watu."

Chiriku bado alikuwa na hasira na mwalimu, na hiyo ilikuwa haki yake. Lakini Kobe alikuwa amemkosea nini? Alisimama, na kwa mara ya kwanza maneno yalimpungukia.

"Kobe hakuniibia," alisema. "Nimemwonea, kama nilivyoonewa mimi. Nisamehe, Kobe."

Kobe alifikiri kwanza, bila haraka, kama kawaida yake. "Nimekusamehe," alisema. "Ila wale waliotoka hawajasikia."

Chiriku alitazama mlango uliokuwa wazi. Kisha akaacha mkoba wake kitini, akatoka mbio kwenda uwanjani kuwatafuta.