Ukuta wa Kati wa Mama Linda

Kila aliyepita kwenye uwazi ule, ulioachwa na ukuta uliobomolewa, aliinama, na hakuna aliyejua kwa nini. Ulikuwa mrefu kuliko mtu yeyote Arua. Hata Yakani, fundi aliyeukata, aliinama, akajikuna shingo, akaenda zake.

Zuhurah, mjane, aliachiwa na mumewe nyumba hiyo kuukuu ya Arua Hill. Wakwe wa Koboko walikuwa wanakuja kumposa binti yake, Linda, na Zuhurah hakutaka waketi nusu sebuleni, nusu kwenye chumba cha kulia, kama wagonjwa wa zahanati. Akamwita Yakani abomoe ukuta wa kati.

"Mama, hii ukuta ndiyo inabeba paa," Yakani alisema. "Kwanza tusimamishe miti ya kuegemeza, tumwage linta, boriti ya zege, juu, ikauke. Halafu tunabomoa."

"Inakauka lini?"

"Zege haina haraka."

"Wageni wangu wana haraka. Bomoa."

Akabomoa. Paa halikushuka hata kidogo.

"Unaona?" Yakani akacheka, kana kwamba alilijenga yeye. "Nyumba ya zamani iko nguvu."

Kisha ikaja harufu: jasho la mpagazi na chokaa mbichi. Upepo ulioingia dirishani uliishia kwenye uwazi, haukuvuka. Na mchana, redio ikizimwa, ilisikika pumzi nzito, ya mtu aliyebeba gunia la muhogo na haoni pa kulitua.

Linda ndiye aliyemwita Shehe Sule kutoka Midia. Shehe alinyoosha mkono pale patupu, akaurudisha umelowa.

"Jini alikaa ndani ya ukuta," alinong'ona. "Mumebomoa nyumba yake. Sasa yeye anashika yenu."

"Mtoe," Zuhurah akasema.

"Nitamtoa. Lakini toeni watu kwanza. Akitoka, paa inakuja chini."

"Na wakwe niwaweke wapi, shehe? Kwa jirani?"

Sule alimtazama, akaacha soda yake bila kuigusa, akaondoka.

Siku ya posa, Zuhurah alikuwa akitandika mikeka peke yake aliposikia sauti juu ya kichwa chake.

"Mama Linda. Nimechoka. Nipokee mzigo."

Hakupiga kelele, wala hakumtaja Mungu. Alisema, "Leo nina wageni."

"Basi atanipokea mwingine."

Bado alikuwa na nafasi ya kufunga mlango na kuwaambia watu wakae uani, lakini magari ya Koboko yalikuwa yameshafika, vigelegele vimeanza, na alipowaza yale ambayo wanawake wale wangesema juu ya mama anayewafukuza wakwe kwa ajili ya jini, akatabasamu na kuwakaribisha ndani.

Wakajaa, wakasifu ukubwa wa sebule, na Linda akaitwa apite apige magoti kuwasalimu, akaja polepole katika leso mpya, akainama, na katikati ya uwazi akasimama, mkono mmoja ukapanda juu, kisha wa pili, kama mtu anayeonyeshwa pa kushika, bangili zikateremka hadi viwikoni, na pumzi ile nzito ikatoka mara ya mwisho, ndefu, tamu, pumzi ya kutua mzigo, kisha kiti kitupu kando ya baba mkwe kikalia kwa uzito wa aliyeketi.

"Huyu mutoto iko na madaha!" shangazi mmoja akasema, wakampigia makofi.

Zuhurah akamsogelea. "Shusha mikono. Watu wanakuona."

"Nikishusha, mutakufa wote." Damu ilimtoka Linda puani. "Mama, nipokee. Kidogo tu."

Mabega yake yalilia kama kuni zinazovunjwa. Zuhurah aliyasikia vizuri. Akamfuta damu kwa ncha ya mtandio, akamweka sawa kitambaa cha kichwa.

"Ngoja wageni wale kwanza," alisema, akabeba sinia ya pilau, akapita chini ya kwapa la mwanawe.